Uzi: Bei za umeme wa majumbani Ulaya, mbona wenye upepo mwingi ndio wanaolia?

Kijukuu cha Mtoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya umeme ikitua humu, haimalizi kurasa mbili tumeshagawanyika. Kambi moja inasema umeme wa Ulaya ni ghali kwa sababu wameng'ang'ania upepo na jua. Kambi ya pili inasema upepo ni wa Mungu, kwa hiyo wenzetu wanalipa karibu na bure. Mimi niko Hamburg, bili nalipa kwa mfuko wangu, na takwimu za Eurostat huwa nazifungua kila zikitoka. Kambi zote mbili zina maswali ya kujibu. Tafuteni chai, uzi ni mrefu.

Tuanze na bei. Nusu ya kwanza ya 2025, kaya katika Umoja wa Ulaya zililipa wastani wa euro 28.72 kwa yuniti 100, kodi na tozo zote ndani. (Yuniti ni kilowati-saa moja, ileile ya Luku.) Walioumia zaidi ni Wajerumani, euro 38.35, wakifuatiwa na Wabelgiji 35.71 na Wadenmark 34.85. Waliolipa kidogo kuliko wote ni Wahungaria, euro 10.40, kisha Malta 12.44 na Bulgaria 13.00. Kwa shilingi ya Tanzania, yuniti moja ya Mjerumani inapita 1,000. Aliye kwenye T1, daraja la kawaida la Tanesco, pale Dar analipa kama 356 ukiweka VAT na tozo. Mishahara nayo si sawa, najua, tutafika huko.

Pembeni ya bei weka sasa asilimia ya umeme unaotokana na nishati jadidifu: maji, upepo, jua, mabaki ya miti na mazao. Mwaka 2023 wastani wa Umoja ulikuwa 45.3%. Juu kabisa Austria 87.8%, Uswidi 87.5%, Denmark 79.4%, Ureno ikiwa 63%. Mkiani Malta 10.7%, Cheki 16.4%, Luxembourg 18%, Hungaria 19.5%.

Hapo kambi ya kwanza inashangilia: Hungaria na Malta hawana upepo wa maana na wanalipa kiduchu, Denmark wamejaza mitambo baharini na wanalia. Subirini kidogo. Cheki nao wako mkiani kwenye nishati jadidifu, lakini bei yao iko juu ya wastani wa Umoja. Tena ukipima kwa uwezo wa mfuko wa mwananchi, yaani bei ikilinganishwa na gharama za maisha za nchi yenyewe, Cheki ndio walioongoza kwa ughali Umoja mzima nusu hiyo ya 2025, Poland wakiwa nyuma yao. Poland ni nchi ya makaa ya mawe. Uswidi kwa upande mwingine ina umeme karibu wote safi ukijumlisha na nyuklia, na kaya zake ziko chini ya wastani.

Kwa hiyo ukichora nukta zote kwenye karatasi, hupati mstari wowote wa kueleweka. Mimi naona ni kwa sababu tunalinganisha vitu viwili visivyogusana moja kwa moja. Bei iliyo kwenye bili ni uamuzi wa serikali na wa soko. Mtambo wa upepo hauandiki bili.

Ichaneni bili ya Ujerumani muone. Wastani wa 2025 kwa kaya ulikuwa karibu senti 39.7 kwa yuniti. Umeme wenyewe, yaani kuununua sokoni pamoja na gharama na faida ya muuzaji, ni kama senti 16. Nyaya, transfoma na mita ni kama senti 11. Zilizobaki, karibu senti 12.7, ni kodi na tozo: VAT ya 19% inameza zaidi ya senti 6, kodi ya umeme senti 2.05, ada ya manispaa kwa kupitisha nyaya kwenye ardhi yake inafika senti 1.66, na kuna vitozo vitatu vidogo vyenye majina marefu kuliko pesa zake.

Pigeni hesabu. Hata kesho upepo ukizalisha kila yuniti bila senti moja ya gharama, na muuzaji akafanya kazi kwa sadaka, Mjerumani bado atalipa senti 20 na ushee. Hiyo ni mara mbili ya bei nzima ya Mhungaria, na bado hatujanunua umeme.

Tozo ya kuchangia nishati jadidifu ilikuwepo kweli, sitaki kuficha. Mwaka 2017 ilifika senti 6.88 kwa yuniti. Ndiyo iliyolipia bei za uhakika za miaka 20 kwa waliofunga paneli na mitambo tangu sheria ya mwaka 2000, wakati paneli zilipokuwa bei ya dhahabu. Tarehe 1 Julai 2022 ilifutwa, sasa pesa hiyo inatoka hazina kuu. Watu hawakuuona unafuu kwa sababu mwaka huohuo gesi ya Urusi ilikatika na bei ya umeme sokoni ikapaa.

Denmark ndiyo inayotumiwa sana kama mfano, na ndiyo inayotumiwa vibaya. Kodi yao ya umeme ilianza miaka ya 1970 baada ya mgogoro wa mafuta, lengo likiwa watu wabane matumizi, wakati huo mitambo ya upepo ikiwa ya kuhesabika. Kodi zimekuwa zikichukua karibu nusu ya bei ya yuniti. Sasa mtu anaona bei, anaona upepo, anaunganisha. Serikali yao imeamua kwa 2026 na 2027 kuishusha kodi hiyo hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na Umoja, chini ya øre moja (senti ya kwao, mia moja ni krone moja) kwa yuniti. Upepo ni uleule.

Hungaria nao wana hadithi yao. Tangu 2013 serikali inashikilia bei za kaya kwa amri. Agosti 2022 ikawalemea, wakaweka kikomo: yuniti 2,523 za kwanza kwa mwaka unalipa kama forinti 36, ukizidi hapo ni kama 70. Pengo kati ya bei hiyo na gharama halisi halipotei hewani, linalipwa na bajeti ya serikali na kampuni ya umeme ya serikali. Na kichekesho ni kwamba Hungaria hao hao mwaka 2024 ndio waliokuwa na sehemu kubwa zaidi ya umeme wa jua Umoja mzima, karibu robo ya umeme wanaozalisha. Kwa hiyo wanaowatolea mfano wa "nchi isiyohangaika na jua" waanze kutafuta nchi nyingine.

Karibuni.

---

Tandale One

Mkuu Kijukuu, uzi wa viwango. Lakini umeruka kitu. Umesema soko "likapaa" gesi ilipokatika. Kama nusu ya umeme wao hautokani na gesi, gesi ikipanda inawahusu nini? Si wangelipa ghali ule wa gesi tu?

---

Kijukuu cha Mtoni

Swali zuri kaka, na ndipo penyewe.

Soko la jumla la umeme Ulaya ni mnada wa kila siku. Kila mzalishaji anasema kesho saa fulani nitatoa megawati kadhaa, bei yangu ya chini ni hii. Wanapangwa kuanzia wa bei ndogo: upepo na jua karibu sifuri, maji ya mtoni, nyuklia, makaa, gesi mwishoni. Wanachukuliwa mmoja mmoja hadi mahitaji ya saa hiyo yatoshe. Yule wa mwisho kuhitajika ndiye anayeweka bei, na wote waliochukuliwa wanalipwa bei yake. Ni kama pale soko la samaki la Feri, ndoo ya mwisho iuzwe 80,000 basi na wenye ndoo zote za asubuhi nao walipwe 80,000, hata aliyekuwa tayari kuachia kwa 30,000.

Agosti 2022 gesi ya Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa (yuniti 1,000), wakati kabla ya 2021 ilizoeleka kuwa chini ya 30. Saa yoyote ambayo mtambo mmoja wa gesi ulihitajika, soko zima lilikwenda na gesi. Nusu ya pili ya 2022 kaya za Denmark zilifikia euro 58.71 kwa yuniti 100. Pamoja na upepo wao wote.

Hispania na Ureno waliomba ruhusa Brussels, makao ya Umoja, na kuanzia Juni 2022 hadi mwisho wa 2023 wakaweka kikomo kwa bei ya gesi inayoingia kwenye mitambo ya umeme, wakianzia euro 40. Bei yao ya soko ikajitenga na ya majirani. Waliweza kwa sababu nyaya zinazowaunganisha na Ufaransa ni chache, kwa hiyo umeme wao wa nafuu haukunyonywa wote kuvuka milima.

---

Mama Zuu

Salaam kwenu. Mimi niko Odense, Denmark, nawaletea ya jikoni maana nyie wanaume mmekaa Brussels.

Huku wengi tuna bei ya saa kwa saa. Kila siku mchana bei za kesho zinatoka, unaziona kwenye simu. Upepo ukivuma sana usiku, bei ya soko inafika sifuri au inashuka chini ya sifuri. Watoto wangu wakisikia mashine ya kufulia inaguruma saa saba usiku hawashtuki tena.

Lakini sikilizeni: bei ya soko ikiwa sifuri, mimi silipi sifuri. Kuna kodi, kuna ada ya nyaya, kuna VAT ya 25% juu ya vyote hivyo. Na ada ya nyaya nayo ina saa zake. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni ndogo. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku ndiyo kali kuliko zote, hasa majira ya baridi. Na hizo ndizo saa ambazo mtu yeyote mwenye familia anapika. Pilau haliwezi kusubiri upepo! Mimi kunde na maharage nimeyahamishia usiku, nayachemsha mengi, nayafungasha na kuyagandisha. Wali na mchuzi ni palepale jioni, nalipa naugulia.

Hiyo habari ya kodi kushuka ni kweli na tumeisubiri sana.

---

Kalamu Nyekundu

Naona mwanzisha uzi anautetea upepo kama wakili wa kulipwa. Kodi sawa, gesi sawa. Hizo senti 11 za nyaya mbona umezipita kwa mwendo wa ambulensi? Nani amesababisha nyaya zipande? Upepo uko kaskazini mwa Ujerumani, viwanda viko kusini, Bayern na Baden-Württemberg. Lazima ujenge njia mpya za umeme nchi nzima. Mtambo wa makaa ulikuwa unajengwa kando ya kiwanda, habari imeisha. Na siku upepo usipovuma?

---

Kijukuu cha Mtoni

Kalamu, hapo unachosema kina uzito, na ndiyo gharama ya kweli ya nishati jadidifu ambayo watu wa kambi ya "bure" hawapendi kuitaja.

Kuna mradi unaitwa SuedLink, njia ya umeme ya karibu kilomita 700 kutoka kaskazini hadi kusini. Ulitakiwa ukamilike 2022. Wakazi wa njiani, Bayern hasa, walikataa nguzo, ikaamuliwa nyaya zizikwe chini ya ardhi, gharama zikapanda, na sasa wanataja 2028. Wakati huohuo upepo ukivuma sana kaskazini, nyaya zinajaa, mitambo ya upepo inazimwa na wenye mitambo wanalipwa fidia, huku kusini inawashwa mitambo mingine kujaza pengo. Mchezo huo unagharimu mabilioni ya euro kwa mwaka na unakaa ndani ya zile senti 11.

Lililokera zaidi ni kwamba kwa miaka mingi vijiji vya kaskazini na mashariki vyenye mitambo mingi ndivyo vilivyolipa ada kubwa ya nyaya, kwa sababu gharama ya kuunganisha mitambo iligawiwa kwa wakazi wa eneo hilo. Unakaa chini ya mtambo, unasikia unavyovuma, na unalipa zaidi ya mtu wa München. Kuanzia 2025 gharama hizo zimeanza kusambazwa nchi nzima.

Siku za giza bila upepo nazo zipo. Desemba 12, 2024 bei ya soko Ujerumani kwa saa moja ya jioni ilifika karibu euro 936 kwa megawati-saa. Upande wa pili, mwaka huohuo wa 2024 kulikuwa na saa 457 ambazo bei ilikuwa chini ya sifuri. Yote ndani ya nchi moja, mwaka mmoja. Hapo wanaohitajika ni betri, nyaya za kwenda nje na watu wa kuhamisha matumizi kama Mama Zuu na maharage yake.

---

Fundi wa Fiyodi

Hiyo Desemba 12 mimi niko Bergen naikumbuka vizuri, maana Wanorwe walitaka kuzikata nyaya kwa meno.

Wakuu, Norwe haiko kwenye Umoja wa Ulaya lakini iko kwenye soko. Umeme wetu karibu wote ni wa maji, mabwawa ya milimani, karibu 90%, upepo unajazia. Kwa miaka mingi umeme ulikuwa bei ya chumvi. Kisha zikalazwa nyaya mbili baharini, moja kwenda Ujerumani na nyingine kwenda Blyth, Uingereza, kila moja megawati 1,400. Ile ya Uingereza ina kilomita 720, ilianza Oktoba 2021, na gesi ikaanza kupaa majira yaleyale. Umeme unafuata bei, kwa hiyo ulitiririka kwenda kunakolipa na bei ya huko ikatufuata nyumbani.

Ila haikutufikia wote. Nchi imegawanywa kanda tano za bei. Kusini na magharibi tulilia. Tromsø, kaskazini, ambako nyaya za kuja kusini ni nyembamba, walibaki na umeme wa øre chache tu, tena hawatozwi VAT ya umeme. Nina rafiki huko alikuwa ananitumia picha za bei yake kila asubuhi, nikamzuia kwa muda.

Serikali ikaingia: bei ikipita kiwango fulani, kama øre 75 kabla ya VAT mwaka 2025, serikali inabeba 90% ya kinachozidi. Na kuanzia Oktoba 1, 2025 unaweza kuchagua bei ya kudumu ya øre 40 kabla ya VAT. Siasa zake zilikuwa moto: Januari 2025 chama cha Senterpartiet kilijitoa serikalini kwa sababu ya sheria za nishati za Umoja wa Ulaya.

Sasa jambo ambalo uzi huu haujaligusa. Bei ya yuniti siyo bili! Kaya ya Norwe inatumia wastani wa yuniti 15,000 au zaidi kwa mwaka, kwa sababu tunapasha nyumba joto kwa umeme, maji ya kuoga kwa umeme, gari kwa umeme. Mjerumani wa Kijukuu anatumia 3,000 hivi kwa sababu nyumba yake inapashwa na gesi, ambayo ni bili nyingine. Ukilinganisha yuniti kwa yuniti bila kuuliza nyumba inapashwa na nini, unajidanganya.

---

Naks Finest

Hapo kwa Fundi nimesimama. Mimi niko Nakuru, na nataka kuuliza kuhusu Iceland, kwa sababu watu wetu wa mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria wamesomea huko. Kule Reykjavik kuna mafunzo ya jotoardhi tangu 1979, na Wakenya ni kati ya waliopita pale kwa wingi kabisa. Sasa hao wenzetu umeme ni 100% maji na mvuke. Bei yao ikoje, na mbona sisi tuna mvuke na token bado inauma?

---

Fundi wa Fiyodi

Iceland ni kisiwa kisicho na waya wa kwenda popote. Hilo ndilo jibu kubwa. Karibu 70% ni maji, 30% mvuke, na umeme hauna pa kukimbilia, kwa hiyo gesi ya Ulaya ikipaa wao hawasikii. Viwanda vya alumini peke yake vinakula zaidi ya nusu ya umeme wote. Kiwanda kinasaini mkataba wa miaka mingi, bwawa linajengwa kwa mkataba huo, na mwananchi anapata umeme wa mabwawa yaliyokwisha lipiwa. Tena nyumba zao nyingi zinapashwa na maji ya moto kutoka ardhini moja kwa moja, umeme hauguswi.

Kuhusu token ya Kenya, kuchimba kisima cha mvuke ni mkopo wa leo, na mkopo una riba. Bwawa la Norwe la miaka ya 1960 lilishalipwa zamani. Umri wa deni ni kitu kikubwa kuliko aina ya nishati.

---

Mswahili wa Leicester

Uingereza naona mmeisahau, na ndiko wanakolia kwa Kiingereza safi.

Oktoba hadi Desemba 2025 kikomo cha bei cha Ofgem, msimamizi wa nishati wa huku, kilikuwa peni 26.35 kwa yuniti ya umeme. Gesi peni 6.29 tu. Kwa hiyo umeme ni mara nne ya gesi, halafu serikali inasema tung'oe boila za gesi tufunge mashine za umeme. Makaa ya mawe tumeshaachana nayo, Ratcliffe-on-Soar ilizimwa Septemba 30, 2024, mtambo wa mwisho katika nchi iliyofungua kituo chake cha kwanza cha makaa pale Holborn Viaduct, London, mwaka 1882. Upepo tunao tele. Ila gesi ndiyo inayoweka bei saa nyingi kuliko nchi nyingi za bara, kwa hesabu ileile ya ndoo ya mwisho.

Lakini nilichotaka kusema ni kuhusu Luku ya huku. Kaya kama milioni nne zina mita za kulipia kabla. Unapeleka funguo au kadi dukani, unaongeza pesa, unarudi kuichomeka. Mtanzania akiiona anasema nimefika nyumbani. Tofauti ni kwamba kuna ada ya kila siku, peni 50 na ushee, unatozwa hata ukisafiri. Nilikwenda Tanga likizo nikaacha paundi chache kwenye mita, kila kitu nimezima isipokuwa friji. Nimerudi mita inasoma deni, na maziwa yamegeuka mtindi usio na jina. Kampuni yangu nikaipigia simu, nikasikiliza muziki wao hadi nikaukariri.

Na wanaowekewa mita hizo wengi ni wenye kipato kidogo au waliolimbikiza madeni. Februari 2023 ililazimu zoezi la kuwafungia watu mita hizo kwa nguvu lisimamishwe, baada ya kubainika mafundi walikuwa wanaingia nyumba za wagonjwa na wazee kwa amri ya mahakama.

---

Tandale One

Pole kaka, hilo friji limenichoma. Ufaransa je? Wao si nyuklia?

---

Kijukuu cha Mtoni

Ufaransa kwa ufupi: nyuklia ni karibu theluthi mbili ya umeme wao, vinu 57 sasa. Februari 2025 bei ya serikali kwa kaya ilishuka 15%, ikawa kama senti 20 kwa yuniti. Inaonekana raha. Lakini mwishoni mwa 2021 nyufa za kutu zilianza kugunduliwa kwenye mabomba, mwaka 2022 vinu vingi vikazimwa kwa wakati mmoja, na Ufaransa ikanunua umeme nje kuliko ilivyouza kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mwaka uleule ambao kila mtu alihitaji umeme. Kaya zilikingwa kwa sababu serikali iliweka dari: mwaka 2022 bei isipande zaidi ya 4%. Aliyelipa ni hazina.

Ndiyo maana nasema ukitaka kujua bei ya mwananchi, uliza kwanza nani anabeba mzigo, mtumiaji au mlipakodi. Malta bei haijaguswa kwa miaka kumi na zaidi, na sehemu kubwa ya umeme ni gesi ya meli na waya kutoka Sicilia. Ruzuku tu.

---

Kalamu Nyekundu

Sawa, lakini mlipakodi na mtumiaji ni mtu yuleyule, mfuko wa kushoto na wa kulia.

---

Kijukuu cha Mtoni

Si yuleyule kabisa. Kodi ya mapato inamgonga mwenye nacho zaidi. Tozo kwenye yuniti inamgonga bibi mwenye friji la zamani sawasawa na mwenye jumba. Na Ujerumani, mwenye jumba na paa lake anafunga paneli, ananunua yuniti chache, tozo inamkwepa. Mpangaji wa ghorofani hana paa. Tangu Mei 2024 sheria imelegezwa, unaweza kuning'iniza paneli kwenye ubaraza na kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, hadi wati 800. Zimeshapita milioni moja zilizosajiliwa. Jirani yangu Mturuki ametundika mbili, na kila jua likitoka anatoka na chai kuzitazama.

---

Binti Kahama

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi Oktoba nakuja Leipzig kusoma, nimepata chumba, mwenye nyumba amesema kodi ni "warm". Ina maana umeme umo?

---

Kijukuu cha Mtoni

Marahaba binti. Mara nyingi haumo. "Warm" ni joto la nyumba, maji, takataka. Umeme unasajiliwa kwa jina lako mwenyewe, isipokuwa kama ni hosteli ya wanafunzi au umepanga chumba ndani ya nyumba ya pamoja. Muulize kwa maandishi, ajibu kwa maandishi.

Ukiingia na kuwasha taa bila mkataba wowote, kisheria umeshakuwa mteja wa kampuni ya msingi ya eneo hilo. Hutakatiwa, ila bei yake mara nyingi ni kubwa kuliko nyingine. Unaweza kuondoka kwa notisi ya wiki mbili, kwa hiyo ukishatulia linganisha bei ya yuniti na ile ada ya kudumu ya mwezi, vyote viwili. Jihadhari na wanaokuvuta kwa bonasi ya mwaka wa kwanza.

Halafu huku hulipi ulichotumia mwezi huu. Wanakukadiria kiasi cha mwezi, mwisho wa mwaka wanasoma mita, kama ulizidisha unatumiwa barua ya kulipa tofauti yote kwa mpigo. Wanafunzi wengi wanalizwa na barua hiyo. Kile kihita kidogo cha kuchomeka ukutani ambacho utashawishika kununua Novemba kinakula yuniti mbili kwa saa. Tumia joto la nyumba, hilo limo kwenye kodi yako.

Na siku unayokabidhiwa funguo, kabla hujafungua begi, muombe mwenye nyumba akupeleke ilipo mita, mara nyingi iko chini kabisa au kwenye ngazi. Piga picha inayoonyesha namba ya mita na tarakimu zote mpaka baada ya nukta.

---

Mama Zuu

Na blanketi njoo nalo, mwanangu. Ukipita Odense nitakupa maharage.